Mawimbi ya Laini ya Magharibi

Everlyn Nanyama hakuwa mtu wa kelele. Mama yake, aliyetoka Bungoma akauza omena, wale dagaa wakavu, sokoni Dagoretti Corner hadi magoti yakamkataa, alizoea kusema kwamba huyu binti akinyamaza, ujue ameshaamua. Ndivyo alivyosomea uhandisi ndugu zake wakimcheka, na ndivyo alivyoingia Mwale Gridi, kampuni ya umeme iliyo katikati ya jiji. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kama mitambo ya kuzalisha umeme inaenda pamoja au inavutana.

Halafu siku moja stima ikapotea nusu ya nchi, mchana kweupe. Wakubwa walitaka mtu wa kulaumiwa, wakampata Zedekiah, mzee aliyekuwa zamu katika chumba cha kuongozea umeme. Walisema alichelewa kupunguza mzigo wa umeme kwenye laini ya magharibi. Akasimamishwa kazi akisubiri kamati ya uchunguzi.

Everlyn alichunguza vipimo vya siku ile. Umeme kwenye laini ulikuwa ukipanda na kushuka, kila wimbi likilizidi lililotangulia. Mitambo ya magharibi ikiongeza kasi, ya upande wa mjini inapunguza, kisha inabadilishana. Ilikuwa kama bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, hata kidole kinatosha kumrusha mtoto. Kila mtambo mkubwa una kifaa cha kutuliza mawimbi hayo. Kile cha magharibi kilizimwa wakati wa matengenezo, hakikuwashwa tena. Aliyeamuru kizimwe alikuwa Injinia Njuguna, bosi wake mwenyewe.

Alimwendea kwanza, maana hakupenda kumsema mtu akiwa hayupo.

"Hiyo kitu ilikuwa inasumbua, tukaizima," Njuguna alisema. "Everlyn, wewe uko karibu kupandishwa cheo. Achana na hii maneno."

"Na Mzee Zedekiah?"

"Amebakisha kidogo astaafu. Atajipanga."

"Atajipanga na nini, akifukuzwa?"

Njuguna akamfungulia mlango atoke.

Kamati ilipokaa, Everlyn hakualikwa. Aliingia hata hivyo, akavuta kiti kando ya Zedekiah, ambaye alikuwa amevaa suti yake ya kanisani.

"Nani amekuita?" aliuliza mwenyekiti, Bi. Munyiva.

"Sijaitwa, madam. Lakini mnamhukumu mtu kwa jambo ambalo mkono wake haungezuia. Mawimbi yaliongezeka kabla hata kengele ya hatari haijalia, kwa sababu kifaa cha kuyatuliza kilikuwa kimezimwa, na si yeye aliyekizima. Kama nadanganya, tujaribu. Tuweke mzigo mdogo, tuangalie kifaa kikiwa kimezimwa, kisha kikiwashwa. Nitasimama hapo mkiangalia."

"Na ukikosea?" Njuguna akadakia.

"Nitaondoka mwenyewe. Ila huyu mzee haguswi kabla ya jaribio."

Bi. Munyiva akaagiza jaribio lifanywe.

Lilifanywa mchana, wote wakiwa mbele ya skrini. Kifaa kikiwa kimezimwa, waliitikisa laini kwa mzigo mdogo tu, na mawimbi yakayumba yakakataa kutulia. Walipokiwasha na kuitikisa vilevile, wimbi lilipanda, likapanda tena kidogo, likalala. Hakuna aliyepiga makofi. Zedekiah alitoa kitambaa akajifuta uso, akakificha haraka mfukoni.

Mzee alirudishiwa kazi. Njuguna alibaki kuwa bosi, na cheo kilichokuwa kinamsubiri Everlyn akapewa mtu mwingine. Kisha wakubwa wakamwambia ahamie stoo ya nyaya, huko Mutuini, pembezoni mwa jiji.

"Niliajiriwa kuchunguza mawimbi," aliwajibu. "Kama mnaniondoa, niandikieni nimekosa nini."

Hakuna aliyethubutu kuandika. Hadi leo, kila asubuhi anatoka nyumbani, mtaa wa Satellite, anashuka mjini, anakaa kwenye meza yake, mkabala na ofisi ya Njuguna. Njuguna humsalimu akitazama pembeni, naye humwitikia akimkazia macho.