Njiwa Aliyeacha Kudonoa

Njiwa wangu alikuwa na tabia mbaya, na asije mtu hapa kuniambia ati njiwa ni ndege wa amani. Amani gani! Huyu alidonoa watu. Ukiingiza mkono kwenye kikapu chake anakupiga kofi kwa bawa, halafu anakudonoa pale karibu na ukucha, penye uchungu zaidi. Nilimwokota akiwa kinda katikati ya michai, nikamtafunia wimbi mpaka akaota manyoya. Tuliishi kambini, katika shamba moja la chai upande wa Kericho, mwishoni mwa miaka ya sitini. Wazazi wangu walikuwa wametoka magharibi kuja kuchuma majani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hivyo njiwa, jiko na kitanda vilikaa pamoja.

Siku moja alimdonoa baba kidoleni. Baba aliniita. Aliniita "mama", kama kawaida yake, kwa sababu nilipewa jina la mamake mzazi, na kwetu mtoto wa namna hiyo hagombezwi hovyo.

"Mama," alisema, "huyu ndege akiacha kudonoa, atakaa hapa hapa. Asipoacha, ataingia sufuriani. Nimemaliza."

Basi nikaanza kazi. Mwanzoni nilifanya ujinga: akinidonoa, nami nampiga kidole mdomoni. Lo, ndiyo kwanza akazidi! Mama alikuwa akivua aproni yake ya kuchumia, imelowa chapachapa, akanitazama akacheka.

"Wewe ndiye unamfundisha," akasema. "Akidonoa, unavuta mkono. Si ameshinda?"

Tangu hapo sikuvuta mkono tena. Aliuma, nikauma meno. Niliacha kumshika kutoka juu, maana mwewe huja kutoka juu. Nilipitisha kiganja chini, polepole, kikiwa na wimbi kidogo. Wiki ya kwanza nilikula na vidole vimevimba. Wiki ya tatu alipanda mkononi mwangu, akalia taratibu kooni, akala hadi punje ya mwisho.

Kwangu aliacha. Kwa baba, ng'o! Akiona ile aproni ya baba, nzito, inayokwaruza mtu akitembea, alikuwa akijitupa huku na huku kikapuni. Nikaanza kuivaa mimi, inaburura chini, nikimlisha nayo. Alipoizoea, nikamwambia baba: sasa zamu yako.

Hapo ndipo ninapokasirika hata leo. Baba yangu hakuwa mtu wa kukaa na watoto. Alikuwa akitoka kwenye mizani ya majani, anakunywa chai, anakohoa, analala. Lakini kwa majuma mengi, kila jioni kabla giza halijaingia, alikaa kwenye kigoda mbele ya kikapu, kiganja wazi, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Mimi nilimshika kifundo cha mkono ili asiuvute akidonolewa. "Tulia, baba," nikimwambia, na yeye anatulia! Akidonolewa alipiga kelele kama mtoto, tukacheka wote wawili. Haki ya Mungu, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilienda shuleni nikiwaza jioni tu.

Siku njiwa alipompandia baba mkononi bila kudonoa, baba aliuliza, "Sasa anaweza kwenda kwa mkono wowote?"

"Wowote," nikajibu, na nilijivuna kweli.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka mtoni na nguo kichwani, nikakuta kikapu hakipo. Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuinua uso.

"Baba yako amempeleka kwa karani," akasema.

Huyo karani ndiye aliyepima majani yetu, na neno lake lilifika kiwandani. Mtu hakumwendea mikono mitupu. Lakini kuku kila mtu alikwisha kumpelekea, mpaka ua wake ukajaa. Binti yake mdogo ndiye aliyetaka njiwa. Na baba alitaka kutoka kwenye mvua, aingie kiwandani, chini ya paa.

"Ni kifua chake, mwanangu," mama akasema. "Wewe husikii anavyokohoa?"

Nilisikia. Nani asisikie katika chumba kimoja? Angeniambia hivyo, ningelia, ningekasirika, halafu ningembeba njiwa mwenyewe mpaka kwa karani. Sikuambiwa.

Nilimngoja baba njiani, juu ya mfereji. Alipokuja nilimuuliza, "Ulimwahidi lini?"

Angenidanganya tu, ingekuwa afadhali. Akasema, "Kabla mvua haijaanza. Karani alisema mtoto wake hataki ndege wa kudonoa."

Kabla mvua haijaanza! Kabla ya somo la kwanza. Kumbe zile jioni zote, mimi nikimwambia atulie, yeye alikuwa anangoja mali ikamilike. Na ndege naye nilikuwa nimemfundisha mimi, kwa vidole vyangu, kwamba mkono wa mtu si kitu cha kuogopwa.

"Lakini ulikuwa unafurahia," nikasema. "Tulipokuwa tunakaa. Ulikuwa unafurahia?"

"Tulipokaa wapi?" akauliza.

Hakuwa ananitania. Alinitazama kweli, akijaribu kukumbuka, kisha akaniwekea mkono begani. "Mama, ni ndege tu."

Kazi ya kiwandani aliipata, na kikohozi kilipungua, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Nilimpikia, nikamfulia, nikamuuguza uzeeni mwake bila kinyongo cha mdomoni. Lakini kitu ninachokipenda sikumwonyesha tena. Hata nilipopata mchumba, baba yangu alisikia kwa majirani.