Marehemu mke wangu alitaka sebule ya rangi ya muthokoi, nikakosea muthokoi

Machi mwaka jana nilimpoteza mke wangu, Mbithe.

Wakuu, hamjambo. Mimi si mtu wa kuandika sana, lakini hii imenitokea mwenyewe hapa Kilungu na sitaongeza kitu.

Nyumba yetu aliiacha na plasta tupu. Kila tukiongea mambo ya rangi alikuwa anasema, "Sebule iwe rangi ya muthokoi." Mimi najibu sawa. Tukaishia hapo.

Juzi mama yake akatuma ujumbe kwamba anakuja kuona nyumba ya binti yake. Nikaona asikute plasta. Akute vile Mbithe alitaka.

Kwa wale si wa Ukambani, muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda. Nikabeba konzi moja mpaka kwa hardware, nikaambia muuzaji anichanganyie rangi kama hiyo. Akaniangalia, lakini akachanganya.

Nikapaka mwenyewe. Nilipomaliza, shemeji yangu Ndunge, mdogo wa Mbithe, akapitia.

"Shem, hapa ni nyumbani ama dispensary?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakalia mkebe wa rangi.

"Kwani dada yangu alikuwa kuku, anakula muthokoi mbichi? Alikuwa anasema ule wa sufuria. Ule umelala na maharagwe."

Wakuu, kweli tupu. Mbichi ni mweupe kama meno. Ukipikwa na maharagwe mekundu, ukilala, asubuhi una rangi nyingine kabisa, ya joto. Na huo wa asubuhi ndio Mbithe alipenda.

Kwa hivyo nikapika. Kesho yake nikarudi hardware na bakuli.

"Mzee, leo umeniletea lunch?"

Nikamwambia aangalie supu, asiangalie punje. Akawa anatia tone, anakoroga, tunatoka nje kulinganisha kwa jua. Rangi ilipofanana, akaniambia kwa kitabu chao hiyo inaitwa warm beige. Kumbe tumekula beige tangu utotoni.

Ule weupe haukupotea, ukawa undercoat, rangi ya chini. Mkono wa kwanza wa rangi mpya ulinitisha, maana rangi ikiwa mbichi inadanganya. Ngoja ikauke ndio ulie.

Funzo langu ni dogo. Mtu wako akikutajia rangi, muulize anamaanisha gani akiwa bado yuko wa kukujibu. Na nyinyi kwenu rangi kama hii mnaiitaje? Niandikieni hapo chini, nitasoma zote.

Sasa mama mkwe akafika. Yeye ni wa zamani, anashika heshima ya mkwe. Miaka yote hajawahi kukaa sebuleni kwangu wala kunisemesha. Neno lake hupitia kwa Ndunge, hata nikiwa hapo hapo.

Akasimama mlangoni na Ndunge. Akaangalia ukuta mmoja, akaangalia mwingine. Mimi niko nje karibu na tangi.

"Ndunge, mwambie hii ndiyo."

Halafu akaingia, nami nikasogea mlangoni. Akakaa kiti cha Mbithe, Ndunge akampakulia muthokoi niliokuwa nimepika jana yake. Akala pole pole, macho kwa ukuta.

Alipomaliza akageuka, akaniangalia mimi mwenyewe.

"Chumvi ni kidogo," akasema.