Roboti Iliyojua Rangi za Mbuzi

Aliyeniachisha shule darasa la tatu ni mjomba wangu. Wengine kwetu husema ni ukame. Ukame hauna mikono. Mjomba ndiye aliyekuja shuleni kwetu Katilu, akanishika mkono, akasema mbuzi hawana mchungaji. Mwaka uliofuata wavamizi walichukua mbuzi wote, wakamuua baba. Mimi nilijilaza vichakani kando ya mto Turkwel, nikapona. Leo mimi ni mpishi wa shule hapa Kakuma, na kuandika kwangu ni kwa polepole.

Boksi la roboti lililetwa na wageni muhula wa kwanza. Ndani mlikuwa na magurudumu, mota ndogo, waya, kioo kidogo cha kuonyesha maandishi, taa inayobadilisha rangi, na jicho la plastiki linalotambua rangi. Unaunganisha vipande, unaandika amri kwenye kompyuta, na kigari kinafanya ulichoandika. Wageni walisema muhula wa pili kuna mashindano Lodwar: shule itakayopita inabaki na boksi lake, itakayoshindwa inalirudisha. Binti yangu, anayesoma hapa hapa, alilitaka boksi hilo kuliko nguo, kuliko chakula.

Lakini mwalimu mkuu alilifungia stoo. Nikamwendea, nikamsalimu.

"Ejok, Mwalimu. Watoto wataanza lini?"

"Vumbi, Mama. Hiki ni kitu cha bei. Hii si sufuria."

"Sufuria inapikia watoto kila siku. Boksi lako linapika nini?"

Alicheka, ila alilitoa zikiwa zimebaki wiki mbili tu. Karatasi ya masharti, ya Kiingereza, aliiacha kwenye droo yake. Wasichana wa timu, binti yangu akiwa mmoja wao, aliwaambia kwa mdomo: mbuzi saba wa plastiki watapita mlangoni, roboti ihakikishe wote wamerudi.

Binti yangu akaniuliza, "Mama, nyinyi mlikuwa mnajuaje kama wote wamerudi?"

Nilifurahi, sikatai. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo la shule. Nikamwambia kwetu mbuzi hawahesabiwi, kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Unasimama mlangoni, unawatazama wakiingia, na asiyekuja unamjua kwa rangi yake. Akaandika hivyo hivyo. Roboti ikajua rangi za wote saba. Mmoja akikosekana, taa inawaka rangi ya yule aliyepotea. Waliijaribu kwenye sakafu ya jikoni, nikaitazama mpaka maharagwe yakaungua.

Lodwar, nilikoenda nao kuwapikia, watoto wa mjini walipoona roboti yetu imesimama mlangoni ikitazama mbuzi wakaanza.

"Cheki, roboti ya Kakuma ni mchungaji!"

"Angalau yetu ina kazi," binti yangu akawajibu.

Jaji akaficha mbuzi mmoja mfukoni, akapitisha waliobaki. Taa ikawaka nyekundu.

"Wameingia wangapi?" akauliza.

"Amekosekana mwekundu."

"Sijauliza nani, msichana. Wangapi?"

"Mwekundu yuko mfukoni mwako, mwalimu."

Ukumbi ukacheka, na jaji pia. Kalamu yake haikucheka. Masharti yalitaka namba itokee kwenye kioo. Binti yangu akaomba dakika kumi aongeze, akakataliwa. Tukawa tumeanguka.

Hapo nilimkumbuka afisa aliyekuja na daftari baada ya uvamizi. Aliniuliza mbuzi wangapi. Nikamtajia mmoja mmoja, yule wa kiuno cheupe, yule wa kijivu mwenye pembe moja, naye akafunga daftari bila kuandika hata mmoja. Miaka yote nimemlaumu. Mwalimu mkuu pia namlaumu, karatasi alikuwa nayo yeye. Ila aliyemfundisha mtoto asihesabu ni mimi, na mtoto aliniamini. Nimekaa na hilo tangu siku ile, na sijapata mtu mwingine wa kumtwika.

Mama mmoja wa wale wageni akaja kuchukua boksi. Binti yangu akamwomba, "Naomba niongeze kitu kimoja kabla ya kulifunga?"

"Haitabadilisha matokeo, mwanangu."

"Najua."

Akapiga magoti sakafuni, akaandika kidogo kwenye kompyuta, akapitisha mbuzi tena bila yule mwekundu. Kioo kikaandika sita, na taa nyekundu ikawaka vilevile. Jaji alikuwa ameshaenda kula. Binti yangu akaizima, akaanza kuitenganisha, kila kipande kwenye tundu lake, na mimi nikamshikia kifuniko.