Nguo za Baada ya Nyeusi

Wifi yangu alisema wazi, akiwa amekaa kwenye kochi langu pale Chanji, Sumbawanga, na kikombe cha chai mkononi: "Wifi, usijisumbue. Kitenge tutakununulia sisi, fundi atashona, siku ya misa tutavaa sare." Alikuwa anazungumzia misa ya kumaliza mwaka tangu mume wangu, kaka yake, afariki. Siku hiyo ningevua nguo nyeusi. Katika ukoo wao, mjane anayevua nyeusi huvikwa na mawifi. Nikamwambia ahsante, lakini nguo nitashona mwenyewe, tena si moja. Akacheka. "Haya, fundi."

Mimi si fundi. Nina cherehani ya kukanyaga ambayo kazi yake ilikuwa kupinda mapazia na kupunguza sare za shule, basi. Lakini mwaka mzima nilikuwa naambiwa nivae nini, nikae wapi, nicheke kiasi gani, na nilikuwa nimechoka. Nilitaka Jumapili ile nitoke kanisani na nguo niliyoichagua mwenyewe, Jumatatu niwe na nyingine, na Jumanne pia. Ukivua nyeusi Jumapili halafu Jumatatu ukarudi kwenye kanga zilizopauka, umevua nini hasa?

Nikaanza na mpango, maana kabati langu lilikuwa linanitia hasira. Lilijaa sare za shughuli za watu: zambarau ya harusi hii, dhahabu ya kipaimara kile, hakuna hata moja inayokubali kuvaliwa na mwenzake. Safari hii nilitaka kila blauzi iende na kila sketi. Nikaenda mjini kwa mzee mmoja mwenye duka la vitambaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa pole kama alivyokuwa akinipa kila tukionana. Nikamwambia nataka kitenge kimoja kwanza, kisha vitambaa vingine nitavichagua kwa kufuata rangi zake. Akashusha majora mpaka kaunta ikajaa. Mwishowe nikashika kitenge chenye kahawia ya ulezi ulioiva, kijani cha chupa na rangi ya maziwa, nikaomba kitambaa kisicho na maua kwa kila rangi iliyokuwamo.

"Mama, unafungua duka?" akaniuliza.

"Nafungua kabati," nikamjibu.

Hiyo ilikuwa Juni, na Juni ya Sumbawanga tunaijua. Upepo unapita chini ya mlango, na huwezi kushika mkasi kabla vidole havijapata moto. Nilijipima asubuhi nikiwa nimesimama karibu na jiko la mkaa: kifua, mabega, kiuno, urefu wa mkono. Nikakata vipande vya mfano kwenye karatasi za mifuko ya saruji, halafu ndipo nikagusa kitambaa. Kila nguo niliyoimaliza niliijaribu hapo hapo, ikakaa vizuri. Nilipomaliza zote, blauzi, sketi, gauni na koti la kitenge, nilizitandika kitandani nikawa nazibadilishabadilisha. Zilikubaliana zote. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi.

Wifi alikuja Jumamosi, siku moja kabla ya misa. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba akiona nguo zangu hazifai, nitavaa kitenge chao. Alikuja nacho kabisa, kimeshashonwa, kipo kwenye mfuko. Nikavaa sketi ya kitenge na blauzi ya kijani, nikatoka chumbani.

Akanizunguka. "Imekaa," alisema, na nilijua neno hilo halikumtoka kirahisi. "Ila hilo sweta kwa ndani, kesho utaingia nalo kanisani hivyo hivyo?"

Nikarudi chumbani, nikalivua, nikavaa upya. Mabega ya blauzi yakaniangukia mikononi. Sketi ikabidi niishike isidondoke. Nilibaki mbele ya kioo nikielewa polepole. Nilijipima nikiwa na sweta, nikajaribu kila nguo nikiwa nalo. Nilipotoka nimeishika sketi kwa mkono, wifi hakucheka. Alilichukua lile sweta nililokuwa nimelitupia begani.

"Hili si la kaka?"

"Ni la kaka yako," nikasema. "Tangu baridi ianze sijavaa jingine." Nilikuwa nimeshona nguo mpya zote, na kila moja nimeiachia nafasi ya sweta lake. Nikalia, tena vibaya, sketi mkononi.

Wifi alikaa, akaliweka sweta mapajani. Kisha nikaona mkono wake unaenda kwenye mfuko wenye kitenge chao, nikamuwahi: "Wifi, hicho kesho sivai. Nitavaa hizi hata kwa pini."

"Nani amekuambia uvae?" Aliusukuma mfuko chini ya kochi. "Wembe uko wapi?"

Akafumua, mimi nikashona. Kabla ya hapo alinipima yeye mwenyewe, nikiwa na gaguro na fulana nyepesi tu. Nikasema nasikia baridi. Akasema, "Vumilia, na usijikunje, utanidanganya." Kabla jua halijazama, sketi moja na blauzi moja zilikuwa zimepungua zikanishika mwilini, na hizo zilitosha kwa misa. Jumapili nilitoka kanisani nimezivaa, wifi pembeni yangu na sare yake. Watu wakamuuliza fundi ni nani. Akanisonta kwa kidevu.

Zilizobaki tulizipunguza wiki zilizofuata, yeye akifumua na kunisema jinsi ninavyokaza nyuzi. Alipofika kwenye koti, nikamwambia hilo aliache. Akalikunja. Lina rangi zote, linakwenda na kila nguo iliyomo kabatini. Juni itarudi na baridi yake, na sweta litahitaji mahali pa kukaa.