Muhuri Juu ya Bandeji ya Baba

Mwenye kuwajibika kwa mguu wa baba yangu ni mfunga vidonda wa kambi ya barabara, katika miaka ya utawala wa Wajerumani. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asilitafute. Mwenye kuwajibika wa pili ni mimi mwenyewe, nami nitalieleza hilo mahali pake. Nilikuwa karani wa baraza hadi nilipostaafu, na sikuzoea kuacha nafasi ya jina la mhusika ikiwa tupu.

Juzi mjukuu wangu alijikwaa uani. Mama yake alipofungua chupa ya dawa ya kuoshea kidonda, ile harufu kali, inayochoma pua kama pilipili iliyomwagika motoni, ilinirudisha kijijini kwetu Sokon, kwenye nyumba yetu ya nyasi katikati ya migomba, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi.

Baba alikuwa amechukuliwa kwa amri ya jumbe kwenda kuchimba barabara upande wa Kisongo. Hakuulizwa kama anataka. Katika siku zile hakuna aliyeulizwa. Siku ya tatu, sururu ya mwenzake iliteleza kwenye jiwe ikamtua juu ya mguu wa kushoto. Mfunga vidonda, na sharti nimpe haki yake, alikiosha kidonda vizuri kwa dawa hiyo yenye harufu, akauzungushia mguu kitambaa cheupe, nadhifu kama kanzu ya Idi. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo sijakuta mfano wake: akachovya muhuri wa kambi katika wino, akaugonga juu ya fundo la bandeji.

Alikuwa na sababu yake. Waliotangulia kufungwa vidonda walifungua bandeji njiani na kuwapelekea wake zao, kwa maana kitambaa cheupe kilikuwa adimu milimani kwetu, na watoto kadhaa wa Sokon walikuwa wakitembea nacho kiunoni kwa fahari. Basi akamwambia Baba, "Atakayeufungua muhuri huu kabla sijauona, hamsa ishirini. Rudi siku ya nne." Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano. Baba alikwisha kuona mtu akipigwa, wala hakuhitaji kufafanuliwa.

Siku ya nne tulimsindikiza kambini, akiegemea bega la mjomba. Askari wa langoni alitutazama bila kuinuka.

"Mfunga vidonda amekwenda safari na Bwana."

"Atarudi lini?" mjomba aliuliza.

"Nani humwuliza Bwana atarudi lini? Wewe?"

"Basi mfungulie wewe mgonjwa, ndugu yangu."

"Mimi nalinda lango. Miguu si kazi yangu."

Tukarudi. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Koko, ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita bibi, alikuwa mama yake Baba, na majeraha ya wanaume wengi yalikuwa yamepita mikononi mwake. Kila asubuhi alikuja na chungu cha maji ya magome yaliyochemshwa na kibuyu cha asali. Nami kila asubuhi nilimwinamishia kichwa anishike utosini, kama adabu yetu ilivyo, kisha nikasimama mbele ya kitanda cha Baba nikamzuia. Nilikuwa nikisoma shule ya misheni, na katika boma letu lote ni mimi peke yangu niliyezijua herufi.

"Koko, huu ni muhuri wa serikali. Haufunguliwi."

"Ndege huyu?" Aliinama akaitazama picha ya tai iliyokuwa kwenye muhuri. "Umewahi kumwona tai akimponya mtu? Mimi huwaona wakingoja afe."

Mjomba alicheka. Baba hakucheka. "Mwache mtoto, Yeyo," alimwambia mama yake. "Yeye ndiye anayezijua barua zao."

Siwezi kueleza jinsi nilivyovimba kichwa kwa maneno hayo. Koko aliondoka na chungu chake akinung'unika, "Kidonda ni kama ndama. Usipokiangalia asubuhi, jioni utakikuta kimeliwa." Nikamwona mzee asiyeelewa mambo ya sasa.

Siku ya tisa nzi walikuwa wengi kuliko sisi. Harufu ya dawa ilikwisha kufunikwa na nyingine, ambayo sitaieleza, na Baba alikuwa akiwaita ng'ombe waliokufa zamani. Koko aliingia na wembe. Hakunisukuma wala hakunikemea.

"Njoo, msomi. Ushike huo muhuri wako kwa mikono miwili, usije ukachanika."

Nikaushika. Naye akakichana kitambaa kwa chini, upande wa wayo, polepole, hata mguu wote ukawa wazi huku tai akiwa mzima mikononi mwangu. Nilichokiona humo kilinifanya nilie kwa sauti. Koko alikwisha kuanza kuosha.

Tangu siku hiyo Baba alitolewa mlangoni kila asubuhi, kidonda kikapata hewa na jua, kikaoshwa, kikapakwa asali. Alichinjiwa kondoo, akanywa mafuta na supu ya magome. Kidonda kilipofunga, Koko aliirudisha bandeji na kuishona kwa chini, ili asipigwe mtu. Vidole vitatu vilipotea, na kifundo kikakakamaa, lakini Baba aliishi.

Mfunga vidonda aliporudi, mwezi mwingine ulikuwa umeandama, nasi tukampeleka Baba kambini. Akaukagua muhuri kwanza, mguu baadaye. Akaridhika. "Mmeona? Mkitii, mnapona." Akafungua daftari lake akaandika, nami nikasoma kwa pembeni: *Kidonda kimepona kwa dawa ya kambi. Muhuri haukufunguliwa.*

Koko, ambaye hakujua Kiswahili, aliniuliza kwa Kimaa, "Anaandika nini?"

"Kwamba Baba amepona."

"Basi angalau ana macho," akasema.

Sikumsomea sehemu iliyobaki. Niliogopa kiboko, na zaidi ya hapo niliona haya. Baba hakuwafuata ng'ombe tena hadi alipofariki; aliketi pembeni mwa shamba, akiwafukuza nyani kwenye migomba kwa sauti tu. Ilinichukua miaka mingi, na mihuri mingi niliyoigonga kwa mkono wangu mwenyewe, kuelewa kwamba muhuri ule ulilinda kitambaa, nami niliamini kuwa unamlinda Baba.

Nimeliulizia daftari hilo katika ofisi tatu. Ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikanituma ya tatu, na ya tatu ikanirudisha ya kwanza.

Kwa hiyo nadai, kwa maandishi haya, kwamba yeyote anayelihifadhi daftari la kambi ile alitoe, na mstari ule ukatwe. Mahali pake iandikwe kwamba mgonjwa aliachwa siku tisa bila kufunguliwa, kwa amri ya mfunga vidonda na kwa ulinzi wa mwanawe. Kwamba alipoteza vidole vitatu. Na kwamba aliponywa na mama yake mzazi. Na ikiwa daftari halipo tena, nadai kujibiwa kwa maandishi ni nani aliyelitupa, na kwa amri ya nani.