Mlamula wa Bustani

Dada yangu Marsiana, tuliyemzika Jumamosi, alikuwa akichoma ndizi za kuuza karibu na bustani ya wananchi hapa Biharamulo. Chuo kikuu kilipoitaka bustani hiyo kijenge mabweni, yeye ndiye aliyepita kila nyumba kuwaamsha majirani.

"Shikamoo, mzee Sabiti. Wajukuu wako watacheza wapi, juu ya bati?"

"Marahaba. Mwanamke wewe utatufungisha!" mzee alijibu akicheka, lakini mkutanoni alifika.

Wakakubaliana kuizungushia bustani mlamula. Kwetu huo ni mmea wa mpaka, na hakuna anayethubutu kuung'oa. Kila familia ilipanda upande unaotazamana na nyumba yake, naye dada akimwagilia wake huku akiimba nyimbo za kanisani. Chuo kikarudi nyuma.

Lakini kwa desturi yetu, aliyepanda mlamula ndiye mwenye eneo. Ulipokomaa, majirani wakaanza kusema, "Mpaka wangu." Mmoja akakiuzia chuo kipande chake, wengine wakafuata. Dada aliwaendea akilia.

"Si wewe uliyetuambia tupande?" wakamjibu.

Alipougua, alilala akisikia nyundo za mafundi. "Tungepanda wote pamoja, mstari mmoja," aliniambia, "hakuna ambaye angesema ni wake."

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Upande wa dada haujauzwa. Watoto bado wanacheza pale, ila ni pembamba mno, na mpira wao kila mara huangukia ndani ya ukuta wa chuo.