Jiko Lililokatwa Katikati

Lori la Fuso lilipoingia kwenye uwanja wa maonesho Biharamulo, Bernadetha aliruka chini kabla halijasimama sawasawa. Akafunua turubai, akaondoa majani ya migomba aliyoyatandika kwa mikono yake kule kijijini Murukulazo, akatoa jiko la kwanza. Limepasuka. La pili nalo limepasuka. Alipomaliza kukagua, kati ya majiko arobaini aliyopakia, mazima yalikuwa kumi na moja.

"Wifi, turudi nyumbani," alisema Clarisse, mke wa kaka yake, aliyekuja naye kumsaidia kuuza. "Siku tatu hizi tutauza nini?"

Bernadetha alikaa juu ya gunia la mkaa. Ufinyanzi aliurithi kwa mama yake, lakini vyungu vya mama vilikuwa vimekosa soko. Watu wanapikia sufuria na kuchotea maji madumu. Ndipo alipojifunza kutengeneza majiko banifu: bati kwa nje, udongo mnene kwa ndani, na majivu katikati ili joto lisitoroke. Yalipika vizuri mno. Tatizo lilikuwa kwamba walionunua ni majirani, na jirani akishanunua jiko, humwoni tena kwa miaka. Aliposikia habari za maonesho ya wajasiriamali wadogo, alichoma tanuru mbili mfululizo.

"Tumeshafika," akasema mwishowe. "Tupange yaliyopo."

Yaliyopasuka wakayaficha nyuma ya banda, chini ya turubai. Mazima wakayapanga juu ya meza yenye kitambaa cheupe, nao wakaketi nyuma yake wakingoja. Watu walipita. Mmoja alisoma bango kwa sauti, "Majiko banifu," akaendelea na safari yake. Mpaka alasiri walikuwa wameuza moja.

Banda la jirani halikuwa na nafasi ya kupita. Mzee Yahaya, mfanyabiashara wa mjini hapo, alikuwa akiuza kahawa ya kusaga, na kila aliyekaribia alipewa kikombe kidogo cha kuonja. Watu walipopungua, Bernadetha alimwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekutazama tangu asubuhi. Unauza majiko, lakini sijaona moto."

"Moto?"

"Mimi nikiificha kahawa kwenye pakiti, nani atajua harufu yake? Halafu hiyo meza yako umeifanya boma. Mtu anaona ni lazima aivuke ndipo akufikie."

Bernadetha alicheka kwa aibu, lakini maneno yalimwingia.

Asubuhi iliyofuata meza ilisogezwa pembeni. Mbele ya banda yaliwekwa majiko mawili: moja lake, jingine la bati la kawaida aliloazima kwa mama lishe. Kila jiko likatiwa kopo moja la mkaa na kubandikwa sufuria ya maharage. "Njooni muone lipi litachoka kwanza!" aliita Clarisse, ambaye nyumbani husema kidogo tu. Watu walianza kusimama, wengine wakabishana. Kufika saa sita mkaa wa jiko la bati ulikuwa majivu na maharage yake bado magumu. Ya Bernadetha yalikuwa yakitokota. Yalipoiva, akayagawa kwa vijiko.

Kuluthumu, mwenye mgahawa karibu na stendi, alitafuna taratibu.

"Kupika linapika," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Likipasuka je? La kwangu la mwaka jana halikufika hata Idi."

Clarisse alimkonyeza wifi yake asiseme kitu. Bernadetha angeweza kusema hayapasuki. Badala yake alikwenda nyuma ya banda, akarudi na jiko lenye ufa, akaazima msumeno wa chuma, akalikata katikati mbele ya watu wote.

"Kama hili, ishirini na tisa yamepasuka njiani," alisema. "Sikuyafunga vizuri, kosa ni langu. Lakini tazameni ndani. Udongo ni huu, unene wake huu. Bati halijadhurika. Udongo ukipasuka ukiwa kwako kabla ya mwaka kwisha, nakuwekea mwingine bure. Baada ya hapo unanunua udongo wa ndani tu, hununui jiko zima."

Wazo la kuuza udongo peke yake lilimjia palepale, maneno yakiwa bado yanamtoka.

Kuluthumu alipapasa ule ukuta uliokatwa, akauinamia. "Kwangu napikia sufuria kubwa. Hilo lako dogo."

"Nipe kipimo, mama."

Majiko mazima yaliisha kabla ya jua kuzama. Siku ya tatu hawakuwa na cha kuuza isipokuwa lile jiko la nusu na daftari. Kila aliyeuliza aliandikwa jina, simu, anakoishi na ukubwa wa sufuria yake. Mzee Yahaya naye akaandikwa. Alitaka la kuchemshia kahawa.

Wiki hiyohiyo, akiwa nyumbani, Bernadetha aliwapigia wote. Wengine hawakupatikana, na mmoja alikiri alifuata maharage tu. Lakini wengi walikuwa bado wanamkumbuka: "Aah, yule mama wa msumeno!" Kikundi cha akina mama wa Nyarubungo kiliagiza majiko kumi na tano kwa mara moja. Safari hii kila jiko, likiwemo lile kubwa la Kuluthumu, lilifungwa ndani ya boksi lenye maranda ya mbao, na lililopasuka lilikuwa moja.

Miezi minne baadaye, Kuluthumu alipiga simu.

"Bernadetha, jiko lako linanisumbua."

"Limepasuka?"

"Halijapasuka. Kila anayekuja kula anauliza limetoka wapi, nami nina wateja wa kuhudumia. Lete mengine, nitakupa nafasi pale mlangoni, uwaeleze mwenyewe."

Bernadetha alijifuta udongo mikononi, akamwita Clarisse ili wapange siku ya safari.